Kuandika Riwaya ya Uhalifu Inayofuka Polepole: Kashfa ya Zamani, Siri na Wahusika Wasio Malaika Wala Mashetani

Msomaji akikwambia riwaya yako ya uhalifu inajikokota, mara nyingi hana ugomvi na mwendo. Ugomvi wake ni kwamba sura tatu zimepita na hakuna mtu ambaye kunyamaza kumemgharimu zaidi ya jana. Katika riwaya ya aina hii kinachosonga si risasi wala gari la polisi. Kinachosonga ni bei ya ukimya. Watu wanne au watano walijua jambo, wakanyamaza, na kila mmoja akapata chake kwa kunyamaza. Miaka inapita, malipo yanaanza kukatika, na mmoja baada ya mwingine anapiga hesabu upya. Vinu vya mchele kule Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya, humwaga pumba nje. Rundo likishika moto halitoi mwale, linafuka tu kutwa kucha, na atakayelikanyaga ndiye atakayejua ndani kuna nini. Hiyo ndiyo kasi unayoitafuta.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa kubuni, uliowekwa katika uwanda wa Kano kati ya Ahero na Awasi, ili hatua zionekane zikifanya kazi. Chukua mbinu, mfano uuache.

Anza na kurasa ambazo hakuna atakayezisoma

Kabla ya sura ya kwanza, andika tukio la zamani lote, saa kwa saa, maneno 3,000 hadi 4,000, bila mapambo. Nani alikuwa wapi, nani aliona nini, mvua ilinyesha saa ngapi, pesa zilikuwa kiasi gani na za noti zipi, gari lilikuwa la nani, maiti ilibebwa na watu wangapi. Usiwe na haraka ya kuzifanya kurasa hizi kuwa dibaji. Zikae kando, utazichota kijiko kwa kijiko kwa miezi yote utakayoandika.

Mfano wetu ni huu. Novemba 1997. Mweka hazina wa chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga amegundua kwamba mwenyekiti na karani wametoa shilingi milioni nne za malipo ya wakulima. Usiku anakwenda kwa mwenyekiti kudai zirudishwe. Wanasukumana, anaanguka, kichwa kinagonga ngazi ya saruji. Hafi papo hapo. Barabara ya kwenda Kisumu imejaa maji, lakini trekta lipo uani na lina dizeli. Mwenyekiti na karani wanakaa naye hadi karibu na alfajiri, wakiambiana kwamba barabara haipitiki, mpaka pumzi inakatika. Kisha maiti inapelekwa kwenye mfereji wa mashamba. Asubuhi habari inayotembea ni kwamba mweka hazina aliiba pesa za wakulima, akaona aibu, akajitupa majini.

Angalia uzito umewekwa wapi. Hauko kwenye kusukumana, maana hiyo inaweza kumpata yeyote mwenye hasira. Uko kwenye yale masaa ya kungoja. Kashfa inayostahili riwaya nzima huwa na kipindi ambacho mtu angeweza kugeuka na hakugeuka. Kama uhalifu wako umetokea na kwisha ndani ya dakika moja, hauna mahali pa kurudi, na kufikia sura ya kumi utajikuta unatafuta maiti nyingine ili kujaza kitabu.

Chagua mwaka kwa sababu, kisha ulinde mwaka huo

1997 haukuokotwa. Mvua za El Niño zilianza Oktoba mwaka ule na kuingia hadi mwanzo wa 1998, na uwanda wa Kano ni wa kwanza kufurika mto Nyando ukivimba. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Maafisa, magazeti na polisi walikuwa na mengine ya kushughulikia. Msiba mkubwa wa wote ni maficho mazuri ya uovu mdogo wa wachache, na kanuni hiyo inafaa popote. Mapigano ya mpakani mwa Nandi na Muhoroni yaliyoanza mwishoni mwa 1991 yanaweza kufanya kazi hiyo, na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 pia. Februari 1990 ina hatari yake. Ukiweka kifo chochote karibu na Koru mwezi huo, kila msomaji wa Kisumu atamfikiria Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa mwezi huo, na kitabu chako kitasomwa kama fumbo la kifo chake hata kama ulitaka kuandika juu ya shamba la miwa.

Sababu ya pili ni noti. Wakati wa sasa wa mfano wetu ni kuanzia Juni hadi Septemba 2019. Siku ya Madaraka mwaka ule, tarehe 1 Juni, ilitangazwa kwamba noti zote za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika baada ya 30 Septemba. Mtu aliyeficha fedha kwa miaka 22 ghafla ana miezi minne. Hapo umepata saa inayogonga bila bomu wala mateka, na kila mtu nchini alikuwa akiisikia ikigonga. Kiasi kikubwa kilizua maswali benki. Mwenye mamilioni na asiye na maelezo ilimbidi atafute watu wa kumbadilishia kidogo kidogo, na kila anayeombwa msaada anajua jambo ambalo jana hakulijua.

Sasa ona jinsi tarehe inavyoweza kukuangusha. Ungeuweka wizi huu mwanzoni mwa 1994, kitabu kingekufa, kwa sababu noti ya shilingi 1,000 ilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka huo. Pesa zingekuwa za noti za 500 na 200, na tangazo la 2019 lisingezigusa. Piga pia hesabu ya ukubwa. Milioni nne ni noti 4,000, vifurushi 40 vya noti mia mia. Vinaenea kwenye sanduku dogo la bati. Vikifukiwa katika udongo mweusi wa Kano, unaoshika maji, vitaoza. Vikiwekwa darini, panya na mchwa watavila. Aliyevihifadhi miaka 22 alivihamisha mara kadhaa, na kila uhamisho ni nafasi ya mtu kuona.

Tengeneza ukurasa wa tarehe na uubandike ukutani. Simu za mkononi hazikuwa mikononi mwa watu wa kawaida mwaka 1997; watu walipiga foleni kwenye kibanda cha simu au wakatuma barua kwa kondakta wa matatu. Bodaboda za Kisumu zilikuwa baiskeli. Idara ya upelelezi ya polisi iliitwa CID, jina la DCI lilikuja baadaye. Barua za serikali zilikuwa na kichwa cha Mkoa wa Nyanza, kwa sababu kaunti zilianza kazi 2013. Andika pia umri wa kila mhusika katika miaka yote miwili. Mwenyekiti 52 na 74, karani 29 na 51, binti wa marehemu 4 na 26. Makosa ya umri ndiyo ambayo wasomaji hukamata kwanza, na mwandishi huwa wa mwisho kuyaona.

Daftari la ukimya

Hapa ndipo pa kutumia muda, hata wiki mbili nzima. Chukua daftari, kila mhusika mpe ukurasa wake, na ujibu maswali sita: anajua nini hasa, alikijuaje, anaamini nini ambacho si kweli, alipata nini kwa kunyamaza, malipo yanamfikia kwa njia gani, na ni jambo gani litakalomfanya aseme.

Msaidizi wa chifu hajui kwamba mtu aliachwa afe. Anajua tu kwamba aliombwa aandike kibali cha mazishi haraka, akaandika, na mwaka uliofuata nyumba yake ikaezekwa mabati mapya. Mhudumu wa mochari aliona jeraha kisogoni akaambiwa ni mawe ya mtoni. Karani anajua yote, ila anaamini mwenyekiti ndiye aliyezificha pesa, naye mwenyekiti anaamini ni karani. Mjane anajua zaidi ya wote hawa wawili wanavyodhani, kwa sababu fundi wa trekta alimwambia kwamba tangi lilikuwa na dizeli usiku ule. Akanyamaza. Mwaka uliofuata mwenyekiti alianza kumlipia binti karo, akaendelea hadi chuo kikuu.

Swali la njia ya malipo linaonekana dogo, nalo ndilo linaloleta hadithi. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, ukimya ulilipwa kwa gunia la mahindi, mabati, kazi ya mtoto, karo iliyopelekwa shuleni mkononi. Vitu hivyo havina risiti na vinaweza kuitwa wema. Baada ya 2007 vinaanza kuwa na rekodi. Mhudumu wa mochari aliyestaafu anayepokea shilingi 3,000 kila tarehe tano kutoka kwa mtu ambaye si ndugu yake ni swali lililochapishwa kwenye taarifa ya simu. Acha wahusika wako wazee wasilielewe hilo mpaka wamechelewa.

Siri tano zinatosha kwa kitabu kimoja, na moja tu kati yake iwe ya kifo. Nyingine ziwe za kawaida: mtoto wa nje, cheti cha shule kilichoghushiwa, deni, ugonjwa uliofichwa. Siri hizi ndogo zinamfanya mtu asiye na hatia aonekane mwenye hatia, kwa sababu anaficha kitu kweli. Zikizidi saba, msomaji anaanza kuzichanganya na kufungua kurasa za nyuma kwa hasira.

Mtu wa katikati hachorwi kwa nusu wema na nusu ubaya

Kosa linalorudiwa ni kumchukua jambazi na kumpa paka wa kumpenda. Mhusika wa kweli wa aina hii ana wema na ubaya vinavyotoka kwenye mfuko mmoja. Karo ya binti inatoka kwa aliyemwacha baba yake afe, na karo hiyo ndiyo iliyomfanya binti awe mtu wa kuweza kusoma faili la mahakama. Ukitoa wema ule, hakuna mpelelezi. Fundo la namna hiyo mhusika hawezi kulifungua bila kujikata mwenyewe.

Jaribio la kutumia ni hili. Mwandikie kila mmoja utetezi wake kwa nafsi ya kwanza, maneno 300, bila uongo hata mmoja. Kama utetezi unahitaji uongo, mhusika hajaiva. Karani angeandika kwamba alikuwa na miaka 29, ana watoto wawili, na kwamba mwaka 1997 hukumu ya mauaji Kenya ilikuwa moja tu, kifo. Ulazima huo uliondolewa na Mahakama ya Juu Desemba 2017. Hiyo si sababu ya kubuni, ni hofu yenye msingi wa sheria. Msomaji hatamsamehe, ila atakoma kumhukumu kwa urahisi.

Wote wasiwe wa kivuli kimoja. Mmoja awe mwovu kidogo kuliko anavyojiona, mwingine mwovu zaidi, na angalau mmoja awe mtu mwadilifu kabisa ambaye uadilifu wake unaumiza watu. Mwalimu mstaafu anayesisitiza kila kitu kisemwe hadharani anaweza kuvunja nyumba nyingi kuliko mwizi.

Karatasi ndizo mashahidi wasiochoka

Katika riwaya ya polepole, mpelelezi bora si afisa wa polisi. Faili la kifo cha 1997 kilichoandikwa kuwa kuzama majini halitafunguliwa na mtu mwenye kesi mpya thelathini mezani. Mpe kazi mtu ambaye maisha ya kawaida yanamlazimisha kugusa zamani. Mirathi ni mlango mzuri kuliko yote. Binti anataka kuandikisha shamba la baba yake. Anahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, kisha ombi mahakamani na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo linampa yeyote siku 30 za kupinga. Kila hatua inahitaji mtu fulani atie sahihi, na kila sahihi ni mazungumzo na mtu mmoja wa daftari la ukimya. Muundo wa kitabu umejitengeneza.

Katika ofisi ya ardhi atafanya sachi, yaani kutafuta rekodi ya mmiliki wa shamba, na kuomba kuona kadi ya kijani, yenye historia ya shamba tangu lisajiliwe. Huko kunaweza kuwa na jina lisilotarajiwa. Kumbuka pia kwamba aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Jirani anayesogeza ua hatua moja kila mwaka na kungoja ana sababu ya kutotaka mafaili yafunguliwe, ingawa kifo hakimhusu kabisa. Huyo ni mtuhumiwa wa bure.

Ushahidi mkuu wa mfano wetu ni tarehe mbili. Kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, OB, kinasema maiti iliopolewa tarehe 14 Novemba. Kibali cha mazishi kiliandikwa tarehe 12. Wasaidizi wa chifu ndio wanaoandikisha vifo vya nyumbani, kwa hiyo msomaji anayejua vijiji ataamini mara moja kwamba karatasi ile ilitoka kwake, na kwamba aliandika kabla ya kuwa na cha kuzika.

Dalili kama hiyo ipitishe mara tatu. Mara ya kwanza iwe fanicha: binti anasoma kibali akitafuta namba ya kitambulisho, tarehe inatajwa katikati ya sentensi kuhusu jambo lingine. Mara ya pili iwe kero: karani wa mahakama anasema tarehe hazifanani, arekebishe. Mara ya tatu iwe ushahidi. Kati ya kila moja na nyingine acha maneno 8,000 hivi. Zikikaribiana mno, msomaji ataona unamwonyesha kwa kidole. Zikiachana kwa maneno 25,000, atakuwa amesahau na ataona umemzulia.

Usitegemee sana uchunguzi wa maiti. Ngozi ya viganja hukunjamana kwa maji iwe mtu alizama akiwa hai au alitupwa akiwa amekufa, na povu puani, linaloweza kuashiria kuzama, hupotea maiti ikianza kuoza. Katika mafuriko, na daktari mmoja wa zamu, kosa la kuandika "kuzama" halihitaji hongo. Mifupa inaweza kuonyesha ufa wa fuvu hata baada ya miaka 22, lakini kufukua kaburi kunahitaji amri ya hakimu, na katika boma la Kiluo ni jambo litakaloigawa familia kabla jembe halijagusa udongo. Ukilitumia, lipe sura tatu, si aya moja.

Kaburi linasema

Desturi za mazishi za magharibi mwa Kenya ni hazina ambayo waandishi wengi huitumia kama mapambo tu: ng'ombe, nyimbo, vilio, hotuba za wanasiasa. Zitumie kama ushahidi. Kwa desturi ya Waluo wengi, aliyejiua hazikwi kwa heshima ya kawaida. Mara nyingi huwekwa nje ya ua, bila sherehe, na mti aliojinyongea hukatwa. Mwenye boma aliyekufa kifo cha kawaida huzikwa ndani ya boma lake, mahali panapojulikana.

Sasa rudi kwenye mfano. Kijiji kizima kimesema kwa miaka 22 kwamba mweka hazina alijitupa majini kwa aibu. Kaburi lake liko ndani ya boma, mahali pa mtu wa heshima. Wazee waliosimamia mazishi hawakuamini habari ya kujiua, au walijua si kweli. Binti amekua akicheza kando ya kaburi hilo na hajawahi kuuliza. Dalili hii haihitaji maabara, haihitaji afisa, na imekaa mbele ya macho ya msomaji tangu sura ya kwanza.

Usimwache mhusika aieleze desturi kwa mtu ambaye angekuwa anaijua. Mgeni wa kweli ndiye anayeelezwa: wakili kijana kutoka Nakuru, kwa mfano, anayeuliza kwa nini mwanamke mzee alicheka aliposikia neno "kujiua".

Maiti yenyewe inaweza kuwa mgogoro. Kesi ya S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987 baada ya mvutano mahakamani kati ya mjane na ukoo, inaonyesha miezi mingapi ya hadithi iliyomo katika swali moja la nani mwenye haki ya kuzika.

Mpangilio wa kufichua

Kiswahili hubeba mengi ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo maneno 65,000 hadi 75,000 ni riwaya kamili. Yagawe katika sura 30 hadi 35. Kufikia neno la 5,000 msomaji awe na swali moja lililo wazi. Kwenye robo ya kitabu athibitishe kwamba kuna uongo. Katikati ajue ni nani. Ndiyo, katikati. Waandishi wengi hushikilia jina la mhalifu hadi ukurasa wa mwisho, na hapo ndipo riwaya ya polepole inapogeuka kuwa fumbo la gazeti. Msomaji akijua mapema kwamba ni mwenyekiti, kila kikombe cha chai anachompa binti kinakuwa na uzito. Kwenye robo tatu ajue kwa nini na kwa kiasi gani mama yake binti alihusika. Kinachobaki ni binti atafanya nini, na hilo halipaswi kujulikana hata na wewe mpaka uandike rasimu ya kwanza.

Kifo kipya, kama lazima kiwepo, kiwe kimoja, baada ya nusu, na kitokane na bei ya ukimya kupanda. Mhudumu wa mochari anaomba 30,000 badala ya 3,000. Hapo tu.

Mtazamo usizidi wa watu watatu. Ukiingia kichwani mwa mtu, huna ruhusa ya kumficha msomaji anachokijua mtu huyo. Kukaa ndani ya akili ya mwenyekiti kwa sura sita bila yeye kuukumbuka usiku ule ni udanganyifu, na msomaji atakudai. Ama kaa nje yake hadi katikati, ama mfungue mapema.

Mazungumzo ya watu wanaokwepa

Hawa ni binti na msaidizi wa chifu mstaafu:

"Jaduong', kibali hiki ni mwandiko wako?"

"Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku zile. Umekula, nyathina?"

"Nimekula. Na hii tarehe?"

"Mvua ile iliharibu hata kalenda. Msalimie mama yako. Mwambie sukari aliyoniletea Pasaka sijaimaliza."

Mzee hajasema uongo hata mara moja. Hajajibu pia. Na kwa bahati mbaya yake ametoa habari kwamba mama alikuwa hapa juzi juzi na sukari mkononi. Lengo la kila mazungumzo liwe hilo: swali moja lililokwepwa, jambo moja lililoponyoka. Heshima ndiyo silaha ya wazee hawa, kwa sababu kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumuuliza mtu wa umri wa babu yake swali lile lile mara tatu. Namna ya kuitana nayo ina kazi. Mama anayeitwa Nyar Alego, yaani binti wa Alego, na kila mtu sokoni, siku mwenyekiti atakapomwita kwa jina lake la ubatizo mbele ya watu, wote watageuka.

Dholuo, Kiluhya na Sheng ziingie kwa kiasi ambacho maana inaeleweka kutokana na tendo. Usitafsiri ndani ya mabano. Mabano ni mlango wa mwandishi kuingia chumbani mwa wahusika bila hodi.

Mahali

Hapa maneno machache yanatosha. Achana na machweo ya ziwani. Andika kinachoathiri hadithi: magugu maji yanayoweza kufunga ghuba hadi mashua isitoke, wavuvi wa omena wanaofanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo kuna usiku ambao ziwa lina mashahidi wenye taa na usiku ambao halina. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga bado inaitwa Russia na wenyeji, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ufunguzi wake Oktoba 1969 uliishia kwa umati kupigwa risasi. Mhusika mzee akisema "Russia" kwa sauti fulani, huna haja ya kuongeza kitu.

Kwa lugha ya mahakama, soma hukumu za mauaji za Mahakama Kuu ya Kisumu na Kakamega, zinazopatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kumi zinatosha. Tazama mashahidi wanavyopishana juu ya mwanga wa taa na umbali wa hatua. Kama una kesi ya kabla ya 2007, usisahau wazee wa baraza waliokuwa wakiketi na jaji. Sheria iliwaondoa mwaka huo. Majina, vijiji na mazingira ya kesi halisi usiyahamishe yalivyo. Badilisha angalau mambo matatu makubwa, la sivyo kuna familia itakayojitambua na wakili atakayewasaidia.

Rasimu ya pili

Iache rasimu wiki nne, kisha isome ukiwa na daftari la ukimya pembeni. Mwisho wa kila sura andika ni nani ambaye ukimya wake umepanda bei. Sura isiyo na jina unganisha na jirani yake au uitoe. Kwa kawaida tano au sita hutoka, nyingi zikiwa kati ya sura ya nane na ya kumi na tano, pale mwandishi alipokuwa akijizungusha akitafuta njia.

Kisha tafuta neno "ghafla" katika maandishi yote, na "kumbe", na "alikumbuka". La kwanza karibu kila mara linaweza kufutwa. La pili linaonyesha mahali ambapo dalili haikutangulia. Rudi nyuma uipande. La tatu ndilo lenye kazi nyingi, kwa sababu kila "alikumbuka" ni kipande cha 1997 ulichokimwaga badala ya kumfanya mtu wa 2019 akilipie. Mpe karatasi, mgeni au deni litakalokitoa, na ufute kumbukumbu.